Mwisho wa Injili ya Marko na Wajibu wa Kupima Habari

Ndugu zetu walioko Lodwar na Kakuma, waishio jirani na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, hukutana na suala hili: Je, aya ya 9 hata ya 20 katika mlango wa 16 wa Injili ya Marko ni maneno ya Marko mwenyewe? Twapenda kulieleza kwa insafu.

Nakala mbili kongwe za Kiyunani, ile iliyopatikana Mlima Sinai na ile iliyoko Vatikani, zote za karne ya nne ya miladi, hukoma kwenye aya ya 8, pale wanawake wanapokimbia kaburini kwa hofu. Ama Irenaeus, aliyeandika kiasi cha mwaka 180, aliitaja aya ya 19. Basi aya hizo ni za kale. Lakini ukale pekee hauthibitishi mwandishi. Wengi katika wanazuoni wa Kikristo wenyewe waona ziliongezwa na mkono mwingine, kwani maneno na mtindo wake ni mbali na ya Marko. Wala hawakulificha jambo hili: Biblia nyingi za leo huzitia aya hizo katika mabano au huzieleza chini ya ukurasa.

Wala si suala dogo. Aya ya 18 yataja waumini kushika nyoka. Huko Marekani, George Went Hensley aliieneza ada hiyo makanisani, akafa kwa kuumwa na nyoka mwaka 1955. Turkana nako nyoka wa sumu wako.

Lakini nasi tujihadhari. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ina Wahabeshi pia. Vitabu vya wanazuoni vilikuwa vikidai kwamba baadhi ya nakala za Kihabeshi hukoma kwenye aya ya 8. Mwaka 1972 Bruce Metzger alitangaza matokeo ya kuzipekua nakala zenyewe: hakuikuta hata moja iliyo hivyo. Mwenye kumhoji jirani yake Mhabeshi kwa dai lile angesema uwongo, huku akidhani aitetea haki.

Sisi tuliofunzwa kuuliza isnadi ya kila hadithi, yatupasa kuuliza vivyo hivyo juu ya kila hoja tuichukuayo kwa wenzetu. Mizani ni moja, kwetu na kwao.

Wallahu aalam.