Vitabu vya Bure katika Intaneti

Katika darasa letu sisi tu wanafunzi 38, na nakala za mchezo wa Julius Caesar zilizomo maktabani ni 6, na mojawapo haina kurasa za mwisho. Kwa sababu hiyo nilianza kukitafuta kitabu hicho katika intaneti. Napenda kuwaeleza niliyoyaona huko, mabaya kwanza.

Siku ya kwanza niliandika jina la kitabu pamoja na neno "bure", nikabonyeza jibu lililokuwa juu ya mengine. Nikaombwa namba ya simu, nikaitoa bila kufikiri. Kitabu sikukipata, na fedha zote zilizokuwamo katika simu ya kaka yangu zikatoweka. Kaka alinikaripia barabara, wala sikuwa na la kujibu.

Padre anayeangalia maktaba alipopata habari hizo alicheka sana, kisha akanifundisha swali la kuuliza: "Nani alikiandika, naye alikufa lini?" Maana kila mwandishi ana haki juu ya kitabu chake, na haki hiyo ina mwisho. Katika nchi nyingi hudumu miaka 50 au 70 baada ya kufa kwake, kisha kitabu huwa mali ya watu wote. Shakespeare alikufa mwaka 1616, basi hapana awezaye kudai hata senti moja kwa maneno yake. Lakini kitabu cha Kemia kilichopigwa chapa juzi, ukiona chatolewa bure pasipo ruhusa ya wenyewe, ama kimeibwa ama ni mtego kama ule ulioninasa mimi.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Project Gutenberg. Mwaka 1971 Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, alipiga chapa Tangazo la Uhuru la nchi yake katika kompyuta ya chuo ili wengine walipate bure. Leo vitabu vimepita 70,000, na msomaji haombwi jina wala namba ya simu. Wenye bando dogo wachukue maandishi matupu, yasiyo na picha. Mchezo mzima wa Shakespeare haufiki megabaiti 1.

Vitabu vya kusikiliza vipo LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Wasomaji wake ni watu wa kujitolea, kila mtu nyumbani kwake. Katika Julius Caesar mmoja husoma maneno ya Brutus, mwingine ya Cassius, kisha sauti zao huunganishwa. Baadhi yao husoma vizuri ajabu. Wengine, niseme kweli, husoma kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tena sauti hula bando: saa moja yaweza kufika megabaiti 29, kwa hiyo heri kupakua sehemu moja moja.

Mwenzangu mmoja wa bwenini haoni vema, na herufi za kitabu chetu ni ndogo mno. Muhula uliopita nilikuwa nikimsomea kila jioni hata koo likanikauka. Sasa husikiliza mwenyewe maktabani kwa kompyuta ya Padre. Juma lililopita mwalimu aliuliza kwa nini Brutus alimruhusu Antony kusema mbele ya watu. Darasa zima kimya. Yeye ndiye aliyejibu, tena kwa maneno ya mchezo wenyewe.

Na Kiswahili je? Katika Internet Archive nimekuta Swahili Tales, hadithi za Unguja alizokusanya Edward Steere, zilizopigwa chapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Lakini vitabu vya kusikiliza kwa Kiswahili ni haba sana. Mwenzangu yule ameniuliza, mbona hadithi hizo tusizisome sisi wenyewe? Padre ametupa chumba cha maktaba kila Jumamosi alasiri. Tunatafuta wasomaji 4 wenye sauti safi, na kama yuko mwanafunzi wa zamani mwenye maikrofoni asiyoitumia, tutaipokea kwa mikono miwili.