Matumizi ya Michezo ya Kishikwambi katika Kufundisha Hesabu, Darasa la Pili

1. Utangulizi

Katika mitaa ya Usagara, Ngamiani na Makorora mjini Tanga, kama ilivyo katika miji mingine ya pwani yetu, aghalabu mtoto huijua gemu kabla hajaijua jedwali la kuzidisha. Huicheza katika simu ya mzazi wake, au husimama nyuma ya wakubwa katika kibanda cha gemu akitazama. Mwalimu naye, baada ya vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 kugawiwa walimu, huenda akawa na chombo cha namna hiyo hiyo mezani pake. Kwa hiyo mwalimu-mwanafunzi anayejiandaa kwenda shuleni hana budi kujiuliza mapema: je, mchezo wa kishikwambi una nafasi gani katika somo, na utumiwe vipi?

Shabaha ya makala haya ni kujibu swali hilo kwa mfano wa somo moja la hesabu. Tunakusudia kuonyesha kwamba mchezo wa kishikwambi ni zana ya kufundishia kama zilivyo zana nyingine, na kwamba hauna faida kubwa darasani mpaka mwalimu amtake mtoto afikiri na aandike jibu lake kabla hajagusa kioo.

2. Vyombo hivi vimejengwa juu ya nini?

Yafaa mwalimu aijue zana yake. Kila kompyuta, simu au kishikwambi huongozwa na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziendesha programu nyingine zote. Mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo uitwao Linux, na baadaye akaruhusu watu wote wautumie, waunakili na waurekebishe bila malipo. Android, mfumo unaoendesha simu na vishikwambi vingi tunavyoviona, umejengwa juu ya kiini hicho. Hata kampuni ya Valve ya Marekani, ilipoanza kuuza chombo chake cha michezo cha kushika mkononi kiitwacho Steam Deck mwaka 2022, ilikijenga juu ya Linux.

Jambo hili lina maana kwetu walimu. Programu huria huweza kuwekwa katika kompyuta kuukuu ya ofisi ya shule bila kulipia leseni, na huweza kutafsiriwa na yeyote mwenye ujuzi. Mradi wa KiLinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice. Huo ni mfano wa kujitegemea katika ufundi.

Ipo pia michezo huria ya watoto. GCompris ilianzishwa mwaka 2000 na Bruno Coudoin wa Ufaransa, na jina lake linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya “nimeelewa”. Ina shughuli zaidi ya 100 za kuhesabu, kusoma na kutambua vitu, na ikishapakiwa hufanya kazi bila intaneti. Ipo pia TuxMath, ambamo vimondo vyenye hesabu huanguka kutoka angani, na mtoto huzuia kila kimondo kwa kuandika jibu sahihi.

3. Jaribio lililofanyika katika Mkoa wa Tanga

Mkoa wetu una historia yake katika jambo hili. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu. Hilo lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE, lililoendeshwa kwa kushirikiana na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua viliwekwa vijijini. Programu tano zilifika hatua hiyo ya mwisho, nyingi kati ya shughuli zake zikiwa michezo. Mwezi Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi wa pamoja wa zawadi ya dola milioni 10, na programu zote tano zikaachwa huria.

Matokeo yake yanastahili kusomwa kwa makini. Kabla ya jaribio, watoto 74 katika kila 100 waliripotiwa kuwa hawajapata kuhudhuria shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio makubwa, hasa tukikumbuka kwamba programu zilitungwa ili mtoto ajifunze bila mwalimu. Lakini nusu ya pili nayo ina habari yake. Watoto hao walikuwa na chombo kile kile kwa muda ule ule, na bado hawakuweza kusoma neno. Chombo kina subira na hurudia bila kuchoka. Hata hivyo, si rahisi kwa chombo kutambua kwamba mtoto huyu anakosea kwa sababu hajui thamani ya nafasi, na yule kwa sababu anakisia tu. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

4. Bao linatufunza nini?

Kabla ya vishikwambi, pwani yetu ilikuwa na mchezo wake wa hesabu, nao ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: mwanzoni huweka kete 10 ubaoni na kubaki na kete 22 za kunamua. Mchezaji hodari hachukui kete kisha akatazama zitakakoishia. Huhesabu kwa macho kwanza, akajua kete ya mwisho itaangukia shimo gani, ndipo mkono unapokwenda.

Tazama sasa mtoto anayecheza gemu ya majibu matatu ya kuchagua. Hugusa la kwanza, chombo kikalia. Hugusa la pili, kikalia. Hugusa la tatu, nyota zikamiminika. Mtoto hufurahi na chombo humhesabia ushindi. Lakini hesabu haikufanyika. Tofauti ya wachezaji hawa wawili haitokani na ubao wala kioo. Mmoja amefikiri kabla ya mkono, mwingine ametanguliza mkono. Basi kanuni ya somo letu ni hii: andika kwanza, gusa baadaye.

5. Kuchagua mchezo

Kabla ya kuuingiza mchezo darasani, mwalimu aucheze mwenyewe mpaka mwisho wa hatua anayoikusudia, kisha ajiulize maswali manne.

(a) Je, mchezo unafundisha mada iliyo katika mpango wa kazi wa wiki hii? Kama haufundishi, uachwe hata ukiwa mzuri.

(b) Je, mtoto anaweza kushinda kwa kukisia? Mchezo unaomtaka aandike tarakimu ni bora kuliko ule wa kuchagua picha.

(c) Je, unamharakisha? Mchezo wenye saa, kama vimondo vya TuxMath, unafaa kwa kuzoeza hesabu ambazo mtoto amekwisha kuzielewa. Haufai kwa kufundishia jambo jipya, kwa maana haraka humrudisha mtoto kwenye kukisia.

(d) Je, una matangazo ya biashara, manunuzi au mambo ya kamari? Gemu nyingi za bure za simu zina hayo. Mchezo wa namna hiyo usiingie darasani kabisa.

Lugha nayo iangaliwe. Ikiwa maelezo ya mchezo hayapatikani kwa Kiswahili, mwalimu achague shughuli za tarakimu na picha tu, na maelezo ayatoe mwenyewe.

6. Mpango wa somo

Mada: Kujumlisha namba ambazo jumla ya mamoja yake inazidi tisa, kama 27 + 15.
Darasa: La Pili, wanafunzi 48.
Muda: Vipindi vitano vya dakika 30, Jumatatu hadi Ijumaa.
Zana: Kishikwambi kimoja chenye mchezo wa kujumlisha usio na saa, vijiti, kete au kokoto, vizibo vya soda, madaftari.

Matayarisho: Mwalimu aombe kibali cha Mwalimu Mkuu, achaji chombo siku iliyotangulia, na azime sauti. Agawe darasa katika vikundi 8 vya wanafunzi 6, akichanganya wepesi na wazito. Kila siku vikundi viwili vitafika kwenye kishikwambi, na hivyo vyote 8 vitakuwa vimefika kwa siku nne. Ratiba ibandikwe ukutani ili kila mtoto aijue siku yake, nayo isivunjwe.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Darasa zima. Mwalimu aonyeshe 27 + 15 kwa vijiti: mafungu mawili ya kumi na vijiti 7, fungu moja la kumi na vijiti 5. Vijiti 7 na 5 ni 12. Kumi zifungwe kuwa fungu jipya, vibaki 2. Mafungu sasa ni manne. Jibu ni 42.

Hatua ya pili (dakika 10): Kikundi cha kwanza kikae kwenye mkeka mbele ya kishikwambi. Vikundi vingine vifanye kazi kwa vijiti, kete, duka la vizibo, na maswali ya ubaoni. Kwenye kishikwambi, mmoja awe msomaji wa swali na mwingine mgusaji. Wote sita, pamoja na hao wawili, waandike jibu daftarini. Kisha walinganishe. Majibu yakitofautiana, waamue kwa vijiti, wala wasiamue kwa wingi wa sauti. Ndipo mgusaji aandike jibu kwenye kioo. Swali moja lichukue kama dakika moja na nusu, na baada ya kila swali kazi zihame kwa mtoto anayefuata. Kwa maswali sita kila mtoto atakuwa amegusa mara moja na kufikiri mara sita.

Hatua ya tatu (dakika 10): Kikundi cha pili kichukue zamu. Mwalimu asiketi karibu na kishikwambi muda wote. Apitie vikundi vyote, maana wanafunzi 42 hawana kioo mbele yao na ndio wanaomhitaji zaidi.

Hatua ya nne (dakika 5): Mtoto mmoja kutoka kila kikundi cha kishikwambi aeleze ubaoni, kwa maneno yake, namna walivyopata jibu moja.

7. Kupima

Ijumaa kishikwambi kibaki kabatini. Kila mtoto apewe maswali matano: mawili yafanane na yale ya mchezo, mawili yawe na namba mpya, na moja liwe la maneno, kwa mfano: “Mama aliuza machungwa 27 siku ya kwanza katika soko la Muheza, na 15 siku ya pili. Ameuza machungwa mangapi?”

Mtoto anayepata manne ya mwanzo na kukosa la machungwa amejifunza kufuata njia, lakini bado hajajua hesabu inatumika wapi. Mtoto aliyeshinda kwenye kioo na kukosa yote daftarini amejifunza mchezo peke yake. Wote wawili warudishwe kwenye vijiti wiki inayofuata. Asiwepo anayenyimwa zamu yake ya kishikwambi kwa sababu ya kukosa, wala asiongezewe mwingine kwa sababu ya kupata. Chombo kikigeuzwa zawadi, mtoto mzito ndiye atakayekikosa, naye ndiye mwenye haja nacho.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo wa kishikwambi waweza kupatikana bila gharama kubwa, na kwamba waweza kumfikisha mtoto mbali hata pasipo shule. Tumeona pia kwamba si kila mtoto anayefika kwa njia hiyo. Darasani kwako watakuwamo watoto wa nusu zote mbili. Wale wa nusu ya kwanza watapata mahali pengi pa kujifunzia. Wale wa nusu ya pili wanakungoja wewe uyatazame madaftari yao, uone walipokosea, na ukae nao.

Maswali ya kujadili

1. Chagueni mchezo mmoja wa simu unaopendwa na watoto wa mtaani kwenu. Upimeni kwa maswali manne ya sehemu ya 5.
2. Tungeni mpango wa somo la kutoa kwa Darasa la Pili mkitumia ubao wa bao badala ya kishikwambi.
3. Shule ina wanafunzi 60 darasani na kishikwambi kimoja. Pangeni ratiba ya wiki ili kila mtoto apate zamu moja, kisha elezeni ni jambo gani mmelazimika kulipunguza.