Daftari Kabla ya Mkataba: Mwongozo kwa Watoa Huduma za Afya ya Akili, Ilemba na Ufipa

Mwongozo huu unawahusu waganga wafawidhi, maofisa tabibu, wauguzi na wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo ambao huenda wakatakiwa kutia saini mkataba wa malipo kwa matokeo katika huduma za afya ya akili. Mkataba wa namna hii hauhesabu waliopita mlangoni. Unauliza wamepata nafuu gani.

Si jambo geni nchini. Mkoa wa Pwani ulianza kujaribu malipo kwa ufanisi mwaka 2011, na Kishapu, Shinyanga, ikafuata mwaka 2015 kwa utaratibu mpana zaidi. Viashiria vya Pwani vilikuwa vya mama na mtoto. Mgonjwa wa akili hakuwa na mstari wake. Lakini somo lake linatuhusu: fedha hazikutoka mpaka takwimu zihakikiwe. Kituo kilichohudumia bila kuandika kilionekana hakikuhudumia. Sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo tangu mwaka wa fedha 2017/18, ni busara kujiandaa mapema.

Anzeni na daftari. MTUHA itakuonyesha wangapi walikuja. Haitakuonyesha kama Jumanne hii mgonjwa ni mzima kuliko Jumanne ya mwezi uliopita. Kwa mgonjwa wa kifafa, andika ameanguka mara ngapi tangu hudhurio lililopita. Ni kipimo kisicho na gharama, na ndugu yake atakijibu bila kusita. Kwa mwenye sonona, tumia dodoso la PHQ-9: maswali tisa, alama 0 hadi 27. Alama zikishuka hadi nusu, dawa na mazungumzo vinafanya kazi. Zikishuka chini ya 5, amepona au anakaribia. (Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru. Likipata alama yoyote zaidi ya 0, achana na hesabu kwanza, ukae na mgonjwa.) Kwa aliyechanganyikiwa, uliza yale ambayo familia inayaona: analala, anaoga, amerudi shambani? Alama ya siku ya kwanza ndiyo msingi wa yote. Bila hiyo huna cha kulinganisha, hata kama mgonjwa amepona kabisa.

Shida kubwa ya Ilemba ni mgonjwa asiyerudi. Huku bondeni, chini ya milima ya Lyambalyamfipa, msimu wa mpunga huwatoa watu nyumbani, na mvua huharibu njia. Kliniki iwekwe siku ya gulio, na kila mgonjwa awe na ndugu mmoja wa kufuatiliwa kwa simu. Asiyefika ndani ya wiki mbili atafutwe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua nyumba yake.

Halafu dawa. Fenobabito ikikosekana mwezi mmoja, mgonjwa aliyetulia ataanguka tena, na hesabu ya mkataba itakulaumu wewe. Kwa hiyo mkataba useme wazi ni nani anabeba dhamana pale Bohari ya Dawa inapoishiwa, na kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri kwa muda gani. Kama kifungu hicho hakimo, msisaini.

Kifungu cha pili cha kupigania ni ukali wa ugonjwa. Wengi hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni "tupa uchawi", na si ajabu mgonjwa kufikishwa kituoni baada ya miezi kwa mganga wa kienyeji, akiwa amefungwa kamba na amedhoofu. Huyu hawezi kupimwa kwa kipimo kimoja na aliyekuja wiki ya kwanza. Mkataba usiotofautisha hawa wawili unakushawishi kumkimbia mgonjwa mgumu, yaani yule anayekuhitaji kuliko wote. Mimi naona afadhali lengo dogo linalowahesabu wote kuliko lengo kubwa la wagonjwa wa kuchagua.

Kwa sera ya msamaha mgonjwa wa akili halipii katika kituo cha serikali, kwa hiyo vituo vingi vimemzoea kama gharama isiyorudi. Andikeni kila msamaha. Ndio ushahidi wa mzigo mnaoubeba mnapojadili bei.

Mhakiki akitaka kumfuata mgonjwa nyumbani, ridhaa ya mgonjwa itangulie. Kijijini, gari la serikali mlangoni linatangaza siri ya mtu kuliko barua.

Kabla ya kusaini, jipimeni robo moja ya mwaka bila fedha. Chukueni mafaili ishirini bila kuchagua, mmpe mtumishi ambaye hakuwahudumia wagonjwa hao, asome. Aeleze nani amepata nafuu, na ukurasa gani unaonyesha.