Anayefika wa Mwisho

Jamaa nyingi siku hizi, baada ya chakula cha jioni, hukaa mbele ya televisheni kutazama mashindano ambayo ndani yake watu wa kawaida, wasio waigizaji, hushindania fedha machoni pa kamera. Wengine hufungiwa katika nyumba moja, kama walivyofungiwa washindani wa Big Brother Africa, ambayo Watanzania wawili waliishinda: Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014. Wengine huzungushwa duniani. Leo twapenda kuzungumza juu ya hao wa pili, maana walifika kwetu.

Mwaka 2012 Wamarekani walionyeshwa msimu wa 20 wa mashindano yaitwayo The Amazing Race. Timu 11, kila moja ya watu wawili, ziliondoka kuizunguka dunia, na timu itakayoshinda iliwekewa dola milioni 1. Kutoka Azerbaijan waliobaki walikuja Tanzania, wakapita Karatu na Ngorongoro, ndipo wakaenda India. Kila hatua ya safari ina njia ya kutafuta na kazi za kufanya, na mwisho wake pana mkeka wa kusimama. Timu ifikayo nyuma ya zote, kwa kawaida, huambiwa pale pale mkekani kwamba safari yake imekwisha. Tena kuna mahali njiani ambapo timu moja yaweza kuilazimisha nyingine irudi nyuma, ikafanye kazi ya pili kabla ya kuendelea.

Je, ni kosa kumrudisha mwenzio nyuma hivyo? Hatudhani. Aliyeingia katika mchezo amezikubali sheria zake. Mcheza bao akiliwa kete zake halii kwamba ameibiwa. Ubaya huanzia mahali pengine. Katika msimu ule maneno machungu kati ya baadhi ya timu yalisafiri pamoja nao kutoka nchi hata nchi, nasi hatutayarudia hapa. Kumwambia mtu, "Nitakushinda", ni halali, na ndiyo raha ya mashindano. Kumwambia, "Wewe si kitu", ni neno jingine kabisa, wala halimo katika sheria za mchezo wowote tuujuao.

Lakini yatupasa kuwatendea haki hata washindani hao. Wamechoka, hawakulala vya kutosha, wamepotea njia katika nchi wasiyoijua lugha yake, na kamera haiwaachi. Kisha siku nzima ya mtu hukatwa-katwa ikabaki dakika chache, na mwenye kukata hupenda kuziacha zile za ugomvi, kwa kuwa ugomvi huwashika watazamaji kuliko subira. Basi baba aketiye sebuleni akatamka mbele ya watoto wake kwamba yule mwanamke ni mwovu, amemhukumu binadamu kwa dakika 5 za maisha yake. Watoto hao huyasikia maneno ya baba yao kuliko yale ya televisheni.

Kuna jambo ambalo wachache hulitazama. Katika michezo ya namna hii wenyeji huonekana pembeni tu: dereva, mama muuza ndizi, mzee wa Kimasai amwelekezaye mgeni namna ya kufanya kazi aliyopewa. Hao hawana kura. Hawawezi kumtoa mshindani wala kumpa dola moja. Enyi wazazi, mkitaka kumpima mshindani mbele ya watoto wenu, msimtazame anapoikumbatia timu iliyomsaidia, maana kesho ataihitaji tena. Mtazameni anapozungumza na dereva aliyekosea njia.

Karatu yenyewe haikuyajua mashindano kwa mara ya kwanza kwa kuletewa na wageni hao. Ndiko alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, kijana huyo alitangulia mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1500, asijifiche nyuma ya mtu. John Walker, mwana wa nchi ile, akamfukuzia mbele ya watu wake mwenyewe hadi kwenye utepe. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker alifika kwa dakika 3 na sekunde 32.52, naye alikuwa ameipita rekodi ya zamani.

Twaomba msomaji aliwaze jambo hilo polepole. Kama Walker asingalikuwa nyuma yake, je, Bayi angalikimbia vile? Na kama Bayi asingaliikaza mbio tangu hatua za kwanza, Walker angaliifikia saa ile wapi? Kila mmoja aliyapata kwa mwenzake yale ambayo peke yake asingaliyapata. Mwaka 1975 Bayi akaivunja rekodi ya maili mjini Kingston, Jamaika, na haikupita miezi 3 Walker akaichukua. Mwaka 1976 dunia ilitazamia kuwaona tena pamoja katika Olimpiki ya Montreal, lakini Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza katika Afrika Kusini ya ubaguzi. Walker akapata dhahabu, na Bayi hakuwapo. Kwenye televisheni timu hodari ikitolewa, waliobaki hushangilia kwamba njia imekuwa nyepesi. Walioyapenda mbio mwaka ule walisikitika kwamba njia imekuwa nyepesi.

Jirani na Karatu ni Mbulu, na Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo kabla ya kupewa wilaya yake. John Stephen Akhwari ni mwana wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, mahali pa juu ambapo hewa ni nyembamba. Wakimbiaji wakasongamana, akaanguka, akaumia goti na bega. Wengine zaidi ya 15 waliacha njiani siku ile, wala hakuna aliyewalaumu. Yeye alifungwa jeraha, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla yake, giza limeingia, na watazamaji wengi wamekwenda zao, Akhwari alipoingia uwanjani na mguu uliofungwa bendeji. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika wote waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali ili azimalize.

Mchezo wa mkeka usingalimjua mtu wa namna hiyo. Ungalimshukuru kwa ushiriki wake, ukamwonyesha gari la kuondokea, kisha ukawarudia walio mbele. Hatusemi kwamba watoto wakatazwe kuutazama. Twasema waulizwe, kipindi kinapokwisha, ni nani aliyefika wa mwisho, na aliagana vipi na wenzake. Kwa kawaida watakuwa hawakuangalia.

Mwaka 1983 Tanzania ilimpa Akhwari nishani ya ushujaa, miaka 15 baada ya mbio zile.