SOMO LA VIKUNDI: PESA ZA KUJENGA NYUMBA ZITOKE WAPI?

Somo letu la wakati huu ni la nyumba. Tukitembelea vikundi huku Ukambani, kuna swali tunaloulizwa karibu kila mahali: "Nataka kujenga nyumba ya matofali na mabati. Sina mshahara. Nitapata wapi pesa?" Ni swali zuri, na lina majibu zaidi ya moja. Tunaomba katibu asome somo hili kwa sauti, polepole, na mkifika kwenye hesabu mshike kalamu na karatasi.

Kabla hatujaanza, tushike jambo hili moja. Nyumba ya kijijini hujengwa kwa hatua, basi na pesa zake zitafutwe kwa hatua. Deni la hatua moja liishe kabla ya kukopea hatua nyingine. Na shamba linalolisha watoto lisiwekwe rehani kwa sababu ya ukuta.

1. PIGA HESABU YA NYUMBA KWANZA

Wengi huanza kwa kuuliza, "Nani anakopesha?" Hapo ni kuanzia mwisho. Anza kwa kumwita fundi na kuigawa kazi katika hatua: msingi, ukuta na paa, milango na madirisha, sakafu na plasta. Mbele ya kila hatua andika vitu vinavyohitajika na bei ya duka la karibu, pamoja na gari la kubeba na malipo ya fundi.

Mtaona tumeweka ukuta na paa pamoja. Kuna sababu. Ukuta uliojengwa kwa udongo na kuachwa wazi huoshwa na mvua, na kazi yote inarudi chini. Kama pesa za mabati hazijaonekana, usipandishe ukuta. Afadhali msingi ukae mwaka mzima. Kwetu huku mvua huja Machi hadi Mei, tena Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri ya kupandisha na kuezeka.

Halafu toa katika hesabu yale yasiyohitaji pesa. Matofali mnaweza kufyatua na kuchoma wenyewe. Mchanga, maji na kubeba mawe ni kazi ya mwethya. Kikundi kikifanya kazi hiyo kwa zamu, nyumba kwa nyumba, kinachobaki kulipiwa ni simiti, mbao, misumari, mabati na fundi. Hapo ndipo pesa zinatakiwa.

2. NJIA ZA KUPATA PESA

(a) Mzunguko. Hii ndiyo merigoraundi mnayoijua. Tuseme kikundi kina watu 15, kila mmoja anatoa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kila mwezi mtu mmoja anapata shilingi 22,500, na baada ya miezi 15 kila mtu amepata. Hakuna riba hata senti. Si jambo geni: katika miaka ya 1960 na 1970 akina mama wa sehemu za kati ya Kenya walichanga hivi wakaezekeana nyumba, hata vikundi vyao vikaitwa vikundi vya mabati.

Hatari yake ni mtu kupata mapema kisha akaacha kutoa. Dawa ni tatu. Kwanza, andikeni makubaliano na kila mtu atie sahihi. Pili, mtu apewe mabati yenyewe badala ya pesa mkononi, na mweka hazina aende dukani pamoja naye. Tatu, kikundi kiandikishwe. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka wa 2022 inataka watu wasiopungua 10, na afisa wa maendeleo ya jamii atawaonyesha namna ya kufanya.

(b) Akiba ya mezani. Wanachama huweka akiba mezani siku ya mkutano, na papo hapo wengine wanakopa na kulipa na riba kidogo. Riba inabaki kwenu, na mwisho wa mwaka mnagawana. Njia hii inafaa hatua ndogo, kama mlango, madirisha au mifuko ya simiti. Haifai paa zima, kwa sababu mtu mmoja akichukua pesa zote, wengine wanabaki mikono mitupu.

(c) Sacco. Ukiweka akiba kwa muda, Sacco inakukopesha. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba: mwenye shilingi 30,000 anaweza kuomba mpaka 90,000. Dhamana ni akiba yako na wadhamini, yaani wanachama wenzako wanaokusimamia. Kwa hatua ya ukuta na paa, hii mara nyingi ndiyo njia nzuri kwa mtu wa kijijini, maana shamba haliguswi.

Lakini tuelewane. Kumsimamia mtu ni kukopa pamoja naye. Akishindwa, akiba yako inakatwa. Usitie sahihi kwa haya au kwa sababu ni shemeji. Tena, kabla ya kuweka pesa, uliza kama Sacco ina leseni. Sacco zinazopokea akiba za kuweka na kutoa husimamiwa na mamlaka iitwayo SASRA, chini ya sheria ya mwaka wa 2008, nayo hutangaza orodha ya zenye leseni.

(d) Mkopo wa kikundi kutoka mashirika ya mikopo midogo. Hapa mnadhaminiana. Mmoja akikosa kulipa, wenzake wanamlipia. Malipo mara nyingi ni ya kila wiki au kila mwezi, na huanza mara moja. Kwa mama wa soko anayeuza kila siku, sawa. Kwa mkulima anayengoja ndengu za Januari na Februari, malipo ya kila wiki ni mzigo. Uliza kabla: "Naweza kulipa baada ya mavuno?" Wakisema hapana, ujue mkopo huo si wa mkulima.

(e) Mkopo wa nyumba wa benki. Huu ni wa miaka mingi, na benki hutaka hati ya shamba au ya ploti, mapato yanayoonekana kila mwezi, ramani iliyokubaliwa na kaunti, mthamini na wakili. Gharama hizo zote ni zako. Ndiyo maana ni wachache wanaoupata: kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2023, mikopo hii ilikuwa karibu 30,000 tu katika nchi nzima.

Mmesikia pia habari za KMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 2018. Kazi yake ni kuzipa benki na Sacco pesa za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe watu. Yenyewe haikopeshi mtu mmoja mmoja. Basi mtu akija kijijini akisema ametumwa na KMRC kuandikisha watu, na kwamba mtoe kiingilio, mjue ni mwongo. Mpelekeni kwa chifu.

(f) Mkopo wa simu. Huu usiutumie kujengea. Tuseme unakopa 10,000 na kutozwa 750 kwa mwezi. Inaonekana ndogo. Lakini ukilipa na kukopa tena kila mwezi, kwa mwaka umelipa 9,000 juu ya 10,000 zile zile, karibu pesa nyingine kama hizo. Mkopo wa simu ni wa dharura ya siku chache, ukiwa unajua pesa za kulipa ziko njiani.

3. RIBA: NENO MOJA, HESABU MBILI

Hapa shikeni kalamu. Watu wawili wamekopa shilingi 60,000 kila mmoja kwa mwaka mmoja. Wote wawili wameambiwa riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Je, watalipa sawa? Hapana.

Wa kwanza amepewa riba isiyopungua. Asilimia 18 ya 60,000 ni 10,800. Kwa hivyo analipa jumla ya shilingi 70,800, yaani 5,900 kila mwezi mpaka mwisho.

Wa pili amepewa riba inayopungua. Kila mwezi anarudisha 5,000 za mkopo, na riba ni asilimia 1.5 ya deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza riba ni 900. Mwezi wa pili deni ni 55,000, riba inakuwa 825. Inashuka hivyo hivyo mpaka mwezi wa mwisho, riba ikiwa 75 tu. Jumlisheni zote: riba ni shilingi 5,850, na jumla aliyolipa ni 65,850.

Tofauti ni shilingi 4,950. Kumbe asilimia ni ile ile, lakini mmoja amelipa karibu mara mbili ya riba ya mwenzake! Kwa hivyo usiulize tu, "Riba ni ngapi?" Uliza mambo matatu: "Nikichukua hizi, nitarudisha jumla ya shilingi ngapi? Kuna ada ya fomu, bima au kitu kingine? Nikilipa mapema, riba inapungua?" Majibu yaandikwe. Anayekataa kuyaandika, mwage kwaheri.

4. HATI YA SHAMBA

Hapa ndipo pana hatari kubwa. Ukiweka hati rehani na ukashindwa kulipa, mkopeshaji anaweza kuuza shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inamtaka atoe notisi kwanza: miezi isiyopungua 3 ya kulipa yaliyosimama, kisha siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza. Ukipata barua kama hiyo usiifiche chini ya godoro. Nenda siku hiyo hiyo ukaongee na mkopeshaji, na utafute ushauri wa sheria. Muda huo umewekwa kwa ajili yako.

Sheria hiyo pia inalinda mume na mke. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila mwenzi kukubali, hata kama hati ina jina la mmoja. Mama, ukiambiwa "tia sahihi hapa, ni mambo ya ofisi tu", usitie. Omba usomewe yote katika lugha unayoifahamu. Tena, shamba la kilimo likiwekwa rehani, huhitaji idhini ya bodi ya ardhi.

Kuna familia nyingi ambazo hati bado ina jina la babu aliyefariki. Hapo hakuna wa kukopa kwa hati hiyo mpaka mirathi ipitishwe kortini. Tunawashauri mmalize mirathi hata kama hamtaki mkopo. Ni vibaya kujenga nyumba ya kudumu mahali ambapo ndugu hawajakubaliana mpaka uko wapi.

5. SASA TUUNGANISHE

Tuseme mama mmoja na mumewe wanaishi kwenye nyumba ya udongo inayovuja. Wanauza ndengu, mbaazi na mayai. Mwaka wa kwanza wanafyatua matofali na kuweka akiba katika Sacco kila wanapouza mavuno. Mwethya unawasaidia kuchimba na kujaza msingi, na simiti ya msingi inatoka kwenye akiba ya mezani. Mwaka wa pili zamu yao ya mzunguko inanunua sehemu ya mabati, ambayo wanayahifadhi mahali pakavu. Simiti hawaiweki, kwa sababu ikikaa miezi mingi inashika unyevu na kuganda. Mavuno ya mbaazi yakianza mwezi wa Julai, wanakopa Sacco kiasi kilichobaki cha mbao, mabati na fundi, wanapandisha ukuta, na kabla ya Oktoba paa liko juu. Deni hilo likiisha, ndipo wanafikiria sakafu na plasta.

Itachukua miaka mitatu au minne. Jirani aliyekopa kwa hati anaweza kuhamia mapema. Lakini mvua ikikosekana msimu mmoja, hawa wawili bado wana shamba, na deni lao ni la paa tu. Kwa hivyo pigeni hesabu ya kulipa kwa msimu mbaya, si kwa msimu mzuri. Kama msimu mbaya hauwezi kulipa, punguzeni mkopo au ngojeni.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, nyumba ya nani inavuja zaidi? Tunaweza kuanza zamu naye?
2. Tukijenga kwa mwethya, ni kazi gani tutafanya wenyewe bila kulipa?
3. Kila mmoja mwenye mkopo sasa apige hesabu: nitarudisha jumla ya shilingi ngapi? Riba yangu inapungua au haipungui?
4. Ni nani kati yetu amemsimamia mtu bila kujua deni lake ni kiasi gani? Tufanye nini?
5. Hati za mashamba yetu zina majina ya nani?

Baada ya mjadala, kila mwanachama aandike hatua moja tu ya nyumba yake anayotaka kumaliza mwaka huu, bei yake, na pesa zitakapotoka. Karatasi zikae kwa katibu, na mzisome tena baada ya miezi 6.