Utepe wa Nishani na Ushahidi wa Umri Wake

Nishani ya kijeshi ina sehemu mbili: madini na utepe. Madini hudumu, lakini utepe huchakaa, huliwa na wadudu na hupauka kwa jua. Ndiyo maana tepe nyingi zilizomo katika nishani za kale za Ujerumani si zile za awali. Baadhi zilibadilishwa na wenye nishani kwa nia njema. Nyingine zimefungwa na wachuuzi ili kupandisha bei. Kwa mtunza makumbusho tofauti hiyo ni kubwa, kwani kitu cha juzi kikikubaliwa kuwa ushahidi wa kale, historia yenyewe hupotoshwa. Somo hili linaeleza jinsi sayansi inavyosaidia kuamua, na pia mipaka ya msaada huo.

1. Rangi na Michirizi

Tuchukue mfano wa Msalaba wa Chuma. Nishani hii ilianzishwa na Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia mwezi Machi 1813, ikafufuliwa mwaka 1870, 1914 na 1939. Daraja la pili ndilo lililovaliwa kwa utepe. Katika vipindi vitatu vya kwanza utepe wa mpiganaji ulikuwa mweusi wenye michirizi myeupe kandokando. Wa asiye mpiganaji ulikuwa mweupe wenye michirizi myeusi. Mwaka 1939 utepe ukawa wa rangi tatu: nyekundu katikati, kisha nyeupe, na nyeusi kwenye kingo. Kwa hiyo msalaba wenye tarakimu 1914 uliofungwa utepe wa rangi tatu una kasoro inayoonekana kwa macho matupu.

2. Mwanga wa Urujuanimno

Zamani weupe wa nguo ulisaidiwa kwa buluu ya kufulia, ambayo huficha umanjano tu. Kuanzia miaka ya 1940 viwanda vilianza kutumia dawa za kung'arisha. Molekuli za dawa hizo hufyonza miali ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, na kuirudisha ikiwa mwanga wa samawati. Basi utepe wenye dawa hizo ukimulikwa gizani kwa taa ya urujuanimno, michirizi yake myeupe hung'aa sana. Hapana budi kutoitazama taa hiyo moja kwa moja.

Je, utepe unaong'aa ni wa bandia? La, si lazima. Utepe wa mwaka 1914 uliofuliwa miaka mingi baadaye kwa sabuni ya unga yenye dawa hizo utang'aa vilevile. Na usiong'aa si lazima uwe wa kale, kwani hata leo vitambaa hufumwa bila dawa hizo.

3. Mwali wa Moto

Uzi mmoja uliolegea, ukitolewa kwa idhini ya mwenye mali na kuchomwa, hutambulisha jamii yake. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Hariri hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha kidonge cheusi kinachopondeka. Nailoni na poliesta huyeyuka, kisha huganda na kuwa kidonge kigumu. Nailoni ilibuniwa mwaka 1935, na poliesta ya nguo mwaka 1941. Kwa hiyo utepe wa nyuzi hizo hauwezi kuwa wa vita vya 1914 hadi 1918. Ikumbukwe kwamba hariri bandia ya viskosi, iliyovumbuliwa mwaka 1892, huungua kama pamba ingawa hung'aa kama hariri.

4. Kukanusha na Kuthibitisha

Mwanafunzi atambue kwamba majaribio haya hayana nguvu sawa pande zote. Uzi wa nailoni unakanusha kabisa dai la mwaka 1914, lakini uzi wa pamba haulithibitishi. Unaliacha tu likiwa linawezekana. Tena, utepe waweza kuwa wa kale kweli na bado ukawa umetolewa kwenye nishani nyingine. Hapo hutafutwa alama zinazouunganisha na madini yake: kutu iliyoingia katika nyuzi, mkwaruzo wa pete, na mkunjo ambao ndani yake rangi haikupauka.

Katika Afrika Mashariki, ambako majeshi ya Ujerumani yalipigana hadi Novemba 1918, nishani ya namna hii yaweza kukutwa katika sanduku la babu. Anayeikuta asiufue utepe wala kuupiga pasi. Uchafu, kutu na mikunjo ndiyo maandishi yake. Maji na sabuni huyafuta, na hakuna maabara itakayoyarudisha.

Maswali

1. Kwa nini jaribio la mwanga lina nguvu ndogo zaidi kwa tepe za mwaka 1939 kuliko kwa zile za 1914?
2. Choma nyuzi za pamba, hariri na nailoni mbele ya mwalimu. Andika harufu na mabaki ya kila moja.
3. Utepe mmoja haung'ai, ni wa pamba, na una kutu ya pete. Ni madai gani yaliyokanushwa, na yapi bado yanawezekana?