SOMO LA MAPISHI: SUNGURA WA KIJERUMANI

Wajerumani wana msemo usemao, "Hapo ndipo alipolala sungura katika pilipili." Mtu huutamka akiwa amekwisha kugundua kiini cha shida fulani. Mgeni asikiapo maneno hayo huenda akacheka, akauliza sungura na pilipili vina ujamaa gani. Jibu limo jikoni. Kipo chakula cha zamani katika nchi ya Ujerumani kiitwacho Hasenpfeffer, yaani "pilipili ya sungura", nacho ndicho somo letu la leo.

Hapo kale pilipili manga ililetwa Ulaya kutoka Bara Hindi, na bei yake ilikuwa kubwa. Ndipo jina la pilipili likapewa mchuzi mzito uliotiwa viungo vikali, ambao nyama ya sungura wa porini ilipikwa ndani yake. Sungura huyo hakuwa wa kila mtu. Kwa karne nyingi haki ya kuwinda ilikuwa ya mabwana wakubwa, na katika sehemu nyingi mkulima hakuwa na ruhusa ya kumwua mnyama aliyekula mazao yake. Mapinduzi ya mwaka 1848 ndiyo yaliyowaondolea mabwana haki ya kuwinda katika mashamba ya watu wengine.

Walakini maskini naye alitafuta njia. Alifuga sungura katika kizimba nyuma ya nyumba, akawalisha majani na maganda ya mboga, akawaita Stallhase, maana yake "sungura wa zizini". Wachimba makaa ya mawe wa bonde la Ruhr walikuwa miongoni mwa wafugaji hao. Katika majira ya baridi ya mwaka 1916 hadi 1917, wakati watu wa mijini walipokula mizizi ambayo zamani walipewa mifugo, na tena katika njaa iliyofuata vita vilivyokwisha mwaka 1945, mwenye sungura wawili watatu alikuwa na akiba ya nyama kwa watoto wake.

Basi, shida ya mpishi ni ipi? Nyama ya sungura ina mafuta machache mno. Ukiiharakisha juu ya moto mkali itakauka iwe kama ubao. Hapana budi uilegeze kwa siki, uiongezee mafuta, kisha uipike polepole. Mtu asiye na subira asianze kazi hii.

Kwanza, twaa sungura mmoja wa kufugwa mwenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, umkate vipande 8. Chemsha robo lita ya siki na nusu lita ya maji, pamoja na vitunguu 2 vilivyokatwa, karoti 1, punje 10 za pilipili manga, karafuu 4, na majani 2 makavu ya mti ambao Wajerumani huuita Lorbeer. Karafuu hazimei Ulaya. Kwa muda mrefu nyingi zilitoka Unguja na Pemba, hata twaweza kusema kwamba visiwa vyetu vina fungu katika chungu hicho. Wajerumani huongeza pia tembe chache kavu za mti uitwao Wacholder. Ukizikosa, ziache. Mtarakwa wa milima yetu ni ndugu wa mti huo, lakini si mti ule ule. Usichume tembe zake kwa chakula.

Pili, maji hayo yakiisha kupoa kabisa, yamimine juu ya nyama katika bakuli la udongo au la kioo. Usitumie sufuria ya alumini kwa kuloweka, maana siki huila. Mwenye friji aiache humo usiku kucha, hata siku 2, akiigeuza mara kwa mara. Asiye na friji ailoweke kwa muda wa saa 2 tu, kisha aipike siku ile ile, kwa sababu siki peke yake haizuii nyama kuharibika katika joto.

Tatu, toa nyama, ipanguse mpaka ikauke, uitie chumvi na kuipaka unga wa ngano kidogo. Wajerumani huikaanga kwa mafuta ya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi. Lakini asiyekula nguruwe atumie siagi au samli bila hofu. Vipande vikiwa vyekundu pande zote, chuja maji ya siki uyatie chunguni, funika, upunguze moto. Mchuzi na uchemke kwa utulivu kwa muda wa saa moja na nusu. Sungura wa porini, kwa kuwa ni mgumu zaidi, ataka saa 2 au zaidi.

Mwisho, onja. Mchuzi ukiwa mkali, tia sukari kijiko kimoja na malai kidogo. Zamani waliufanya mzito kwa damu ya mnyama mwenyewe; siku hizi wengi huacha desturi hiyo, na ule unga uliopakwa nyama hutosha. Pakua pamoja na kabichi nyekundu na madonge ya viazi, au viazi vya kuchemsha tu.

Yafaa pia kutoa onyo moja. Katika Ujerumani sungura wa porini aweza kuwa na ugonjwa uitwao tularemia, ambao humwingia mtu hasa kwa njia ya kidonda mkononi wakati wa kuchuna. Kwa hiyo wachunaji hushauriwa kuvaa glavu, kutomgusa mnyama waliyemkuta amekufa, na kuipika nyama mpaka iive kabisa. Hata kwetu ni busara kunawa mikono kwa sabuni baada ya kushika nyama mbichi ya aina yoyote.

Tazama, basi, ndugu msomaji. Mnyama aliyelishwa maganda ya mboga katika kizimba cha maskini amekuwa karamu iliyokuwa ya mabwana. Kilichombadili si mali, bali ni siki, moto mdogo, na mpishi aliyekubali kungoja. Hapo ndipo alipolala sungura katika pilipili.